Madigadi ya Mume Wangu

Kitambaa cha kwanza kuniogopesha maishani kilikuwa cheusi, kimefumwa kama mkeka, na kiling'aa ukikigeuza juani. Nimeshona hapa Mangobo, Kisangani, kwa miaka ishirini na mbili. Kitenge, tetroni, satini ya maharusi inayokuteleza mikononi, vyote nimevikata bila kutetemeka. Hiki, nilipokitia mkasi mara ya kwanza, kilitoa nywele ndogo ndogo zilizoniingia vidoleni na shingoni, nikajikuna mpaka jioni. Ningekirudisha siku hiyo hiyo, kama ningekuwa mtu wa kurudisha kitu.

Kilitoka Dubai. Mdogo wangu wa kiume anafanya kazi huko, katika karakana inayotengeneza vipande vya pikipiki za mashindano kwa kitambaa hicho, ambacho wenyewe wanakiita kaboni. Unakilowesha kwa gundi maalumu, unakilaza juu ya umbo la kitu unachokitaka, na gundi ikiganda unapata kitu kigumu kuliko plastiki na chepesi kuliko bati. Nilimwomba anitumie kidogo. Mume wangu ni dereva wa teksi-moto, pikipiki ya abiria, na madigadi yake ya mbele, ile ngao inayolikinga gurudumu lisirushe matope, ilikuwa imepasuka vipande vitatu, naye akaishona kwa waya kama gunia. Nilikuwa naona aibu kuitazama. Mke wa mtu ni mshonaji, halafu bwana anatembea na kitu cha namna ile.

"Yaya, haiko kazi ya kushona," mdogo wangu aliniambia kwa simu; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Iko chimie, mambo ya madawa."

"Kitambaa iko kitambaa," nilimjibu. "Weye tuma."

Lazima niseme hapa kwamba nina hasira. Si siri, avenyu yetu nzima inajua. Mteja akija kulalamika kwamba mkono wa blauzi unambana, huwa namwuliza kwanza amekula nini tangu siku niliyompima. Watu hucheka, nami nilikuwa nacheka pamoja nao, nikidhani kwamba wote tunacheka kitu kimoja.

Mzigo ukafika kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja: mita mbili za kitambaa, kopo la gundi, na chupa ndogo ya dawa ya kuigandisha. Maelezo yalikuja kwa ujumbe wa sauti, dakika kumi na moja, nami nikasikiliza nne. Nilichokishika ni hiki: gundi sehemu kumi, dawa sehemu tatu, koroga polepole, paka. Alisema nipime kwa mzani. Mzani sina, nina kijiko.

Sasa niwaeleze juu ya kijiko changu. Mama yangu aliuza mafuta ya mawese katika soko la Mangobo, na mimi nilikulia chini ya meza yake. Kwetu huku mtu akinunua mafuta, unamjazia chupa mpaka shingoni, halafu unamwongezea kidogo juu. Ile ya juu ndiyo matabisi. Bila matabisi mteja haondoki, anabaki amesimama mbele yako na chupa mkononi, anakutazama tu. Na akiondoka hivyo, kesho soko zima litajua wewe ni mtu wa namna gani. Mama alikuwa ananipiga kofi mkononi nikimimina sawasawa. Basi mkono wangu ulijifunza, na mkono ukishajifunza hauulizi kichwa. Nikipima chumvi, naongeza. Nikikata suruali, naacha kidole kimoja zaidi kwenye mshono. Nilipopima dawa ya kugandisha, vijiko vitatu, mkono ulitia na ya juu. Sikuona hata kwamba umefanya hivyo. Na kama ningeona, ningesema ni vizuri, dawa ikizidi si kitu kitakuwa kigumu zaidi?

Mara ya kwanza nilikoroga nyingi mno, katika bakuli la plastiki, mchana wa jua kali. Nilikuwa bado napaka tabaka la kwanza nikahisi bakuli linanichoma kiganja. Nikatazama, gundi imeanza kutoa moshi mweupe, na harufu yake ilinikaba koo. Plastiki ikaanza kujikunja. Nilibeba lile bakuli kwa kanga mbili nikakimbia nalo uani nikilia kama mtoto, nikalitupa mchangani, likaendelea kuchemka peke yake bila moto chini yake. Jirani yangu alitoka nyumbani kwake, akatazama, akaniuliza, "Mama, unapika nini?" Nikamwambia arudi ndani kwake. Usiku ule kila nikifumba macho niliona bakuli linachemka.

Mtu mwenye akili angeacha. Lakini jirani alikuwa ameniona nikilia.

Mdogo wangu alinieleza kwamba gundi nyingi katika chombo kimoja inajichoma yenyewe, nikoroge kidogo kidogo. Hapo nilimsikiliza. Nilichukua ile madigadi ya zamani, nikaiunganisha kwa udongo wa mfinyanzi, nikaisugua kwa nta ya mshumaa ili gundi isishike, nikakata vipande vyangu kwa mshazari, kama unavyokata sketi inayotakiwa kuanguka vizuri. Hilo hakuna aliyenifundisha. Nilipomtumia mdogo wangu picha alishangaa, akasema hata wao karakanani hukata hivyo kwa sehemu zenye kona. Kichwa kikanivimba. Tabaka tano, kila tabaka na gundi yake mpya, vijiko kumi kwa vitatu, na kila mara, bila kujua, ile ya juu.

Ilikaa siku tatu ndani ya nyumba, kivulini. Nilipoitoa kwenye umbo lake nilikaa chini. Ilikuwa nyeusi, laini, mistari ya kitambaa inaonekana ndani ya gundi kama samaki ndani ya maji safi. Niliigonga kwa kidole, ikalia kama ubao. Mume wangu aliifunga Jumapili. Yeye ni mtu wa mto, wa Isangi, hana maneno mengi. Aliizunguka pikipiki mara mbili, akasema, "Maman, iko muzuri kabisa," na mimi nikajishughulisha na uzi ili asinione nikitabasamu. Wenzake kijiweni waliiita moto ya ministre, pikipiki ya waziri.

Jumatano wakati wa kula alisema, akimaanisha madigadi, "Ile garde-boue..."

"Garde-boue iko na nini?"

Akatafuna. "Iko muzuri," akasema.

Jumamosi asubuhi alipata abiria wa kwenda Yangambi, mzee mmoja anayefanya kazi kwenye vitalu vya miche vya kituo cha utafiti. Ni safari ndefu, njia ya udongo, mashimo, na katikati unavuka mto Lindi kwa feri. Waliondoka mlangoni petu mapema. Nilimwambia asikimbize, kama ninavyomwambia kila siku, na yeye akaitikia kwa kichwa kama anavyoitikia kila siku.

Kwenye saa tano hivi nilikuwa nachora sketi za shule. Kutoka kwenye mabaki ya kaboni nilikuwa nimejitengenezea rula, siku ile ile, gundi ile ile. Nilikuwa nimeiacha dirishani, nusu yake nje, na jua lilikuwa limeipiga tangu asubuhi. Nikanyoosha mkono kuichukua bila kutazama. Ilikuja mkononi imelegea. Nusu ya nje ilikuwa imening'inia chini ya dirisha, na nilipoishika kwa vidole viwili ilijikunja kama jani tunalolipitisha motoni kabla ya kufungia kwanga, mkate wetu wa muhogo. Nikaibonyeza. Ikabonyea.

Nilisimama na kile kitu mkononi. Sikuhitaji kuambiwa. Niliiona madigadi juu ya gurudumu, vidole vinne tu kati yake na mpira, na jua hili hili juu yake, na njia ya Yangambi chini yake.

Nilimpigia mume wangu. Simu haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nikampigia mdogo wangu, na yeye, Mungu ambariki, akapokea.

"Durcisseur uliweka ngapi?" aliuliza, yaani ile dawa.

"Tatu."

"Tatu kamili?"

Hapo ndipo nilipouona mkono wangu. Niliuona kabisa, kijiko kimejaa, na chupa inarudi juu ya kijiko mara ya nne. "Tatu na matabisi," nilisema.

Halafu alizungumza taratibu, kama unavyozungumza na mgonjwa. Alisema dawa na gundi hushikana kama watu wanaoshikana mikono, na dawa inayozidi haina wa kushikana naye, inabaki humo ndani inalegeza wengine. Kivulini huwezi kujua. Kwenye jua itatepeta.

"Na ikitepeta, itafanya nini?"

"Yaya, ondoa ile kitu."

"Nakuuliza itafanya nini."

"Kama imeingia katika roue, ile gurudumu ya mbele, moto inasimama," alisema. "Mutu haisimame."

Sikumbuki kukata simu. Nakumbuka tu kwamba nilitoka bila kufunga mlango, futi ya kupimia ikiwa shingoni na mkasi mkononi, na watu wa avenyu wakanipisha njia, kwa sababu walidhani naenda kumtafuta mtu. Kijiweni nilimkuta dereva mmoja mtu mzima, rafiki ya mume wangu, nikapanda nyuma yake nikamwambia Yangambi. Alitazama mkasi. Akawasha.

Nataka kuwaambia ukweli juu ya safari ile: sikuomba dua. Nilijaribu. Nilianza Bismillahi na haikuendelea, kwa sababu kila neno lililofuata lilikuwa namba. Vijiko vitatu, tabaka tano, vidole vinne. Kila shimo tuliloliingia nililipitisha kwanza katika pikipiki yake, nikaliona gurudumu lake likishuka, ile ngao yangu nzuri ikiyumba, ikigusa. Nilimfikiria na yule mzee wa miche, ambaye hata jina lake silijui, ambaye alipanda nyuma ya mume wangu akasifu kazi ya mkono wangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikaisikia sifa ile, na nilifurahi.

"Endesha," nilimwambia dereva.

"Niko naendesha."

"Endesha sana."

"Maman, unataka nikimbize, ama unataka tufike?"

Ningekuwa na siku yangu ya kawaida angejuta kusema hivyo. Leo nilitazama njia tu.

Tulipopita nyumba za mwisho na msitu ukakaribia njia pande zote mbili, niliona watu. Walikuwa saba au wanane, wamesimama duara katikati ya barabara, wameinamisha vichwa, na kati ya miguu yao gurudumu moja lilikuwa limeelekea juu, linazunguka polepole. Niliruka kabla pikipiki haijasimama. Nilianguka kwa goti, nikainuka, nikawasukuma watu wale kwa mikono yote miwili, mkasi bado ninao, na mama mmoja akapiga kelele aliponiona.

Ilikuwa baiskeli. Toleka moja ya kukodi iliyobeba makaa, imepinduka na magunia matatu, na mwenyewe yuko mzima, anayaokota makaa yake moja moja.

"Alhamdulillahi," nilisema, kwa sauti.

Yule kijana alinitazama kutoka chini, uso mweusi wa vumbi. "Mama, unashukuru nini?"

Nilichuchumaa nikatupia vipande viwili vitatu katika gunia lake, kisha dereva wangu akaniita. Niliona aibu, lakini woga haukuipa aibu nafasi ya kukaa. Kama gurudumu lile halikuwa lake, basi lake lilikuwa mbele zaidi.

Feri ya Lindi ilikuwa ng'ambo, haijavuka tangu asubuhi. Niliuona mto kwanza, halafu mstari wa pikipiki na lori moja vikisubiri, halafu kofia yake ya njano. Alikuwa amekaa juu ya gogo pamoja na mzee wa miche, wanakula kwanga na samaki, wamegawana jani moja. Alikuwa mzima. Alikuwa anatafuna. Nilishuka.

Alinyanyuka aliponiona. Nadhani alifikiri nyumba imeungua. "Nani amekufa?" aliuliza.

Sikumjibu. Nilipita mbele yake nikaenda moja kwa moja kwenye pikipiki, nikapiga magoti. Madigadi yangu ilikuwa imelegea mbele kama ulimi wa mbuzi, imeteremka upande mmoja, na upande huo mpira ulikuwa umeikwangua mpaka nyuzi zimetoka. Iliyoizuia isiingie kabisa ni vipande vinne vya mpira wa ndani wa tairi, vilivyofungwa kwa nguvu kuizunguka na kuivuta juu kwenye chuma.

Nikakata kipande cha kwanza kwa mkasi, cha pili nikasita. Mimi naishi na mafundo. Fundo la leo halifanani na fundo la siku nne. Hili lilikuwa limeshalala, limejaa udongo mwekundu wa mjini, na juu ya udongo mwekundu udongo mwingine, na mpira wenyewe umepauka pale ulipokunjwa. Fundo la pembeni yake lilikuwa jipya kidogo, na la nne lilikuwa la asubuhi hiyo. Alikuwa ameongeza moja moja.

"Tangu lini?" niliuliza, bado nimepiga magoti.

Mzee wa miche alisimama, akasema anakwenda kutazama feri imefika wapi.

"Tangu mardi," mume wangu alisema.

Jumanne. Siku mbili baada ya kuifunga. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, alikuwa amewapandisha watu wa Kisangani juu ya kitu kile, akina mama wenye watoto migongoni, na jioni alikuja nyumbani akala chakula changu akasema iko nzuri. Hasira ilinipanda, ile ile ya kila siku, na nilikuwa na mahali pa kuimwaga. Nikageuka.

"Na hukusema? Ungekufa hukusema?"

Hakupandisha sauti. Hajawahi. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Mercredi nilitaka kusema," alisema, yaani ile Jumatano. "Uliuliza iko na nini. Nikaona uso yako." Akatazama chini. "Njia, ninaijua. Nikienda polepole, nikiangalia, nitafika. Weye, maman, sijue nitafika namna gani. Nilikuwa naogopa weye kuliko ile."

Akaonyesha madigadi kwa kidole.

Dereva wangu alikuwa ameenda kando, anafuta taa ambayo haikuwa chafu. Nilimalizia kukata mipira iliyobaki, nikafungua boliti mbili, nikaitoa ile madigadi. Ilikuwa na joto mikononi mwangu, na laini. Nilitaka kusema jambo, na kila nililolipata lilikuwa na sauti yangu ndani yake, ile sauti, nikaliacha. Tulikaa juu ya gogo. Alinipa kipande cha kwanga, nikakishika tu.

Miaka kumi na tisa tumeoana. Nilikuwa najiambia kwamba ni mtu asiye na maneno, mtu wa mto, ndivyo walivyo. Nilikuwa nawaambia wateja hivyo, na tunacheka.

"Kuko ingine," nilimwuliza, polepole kadiri nilivyoweza, "yenye hukuniambia?"

Ng'ambo feri iliwasha mashine, ikajitoa ukingoni, ikaanza kuja. Mume wangu aliitazama. Ilifika katikati ya mto na bado hajajibu, na nikaelewa kwamba hakuwa anatafuta kama lipo jambo. Alikuwa anachagua aanze na lipi.